Rangi na Mpangilio: Lugha ya Bendera na Ngao katika Kibera na Kawangware

Bendera huelezwa kwa njia mbili, na historia ya njia hizo katika mitaa ya Kibera na Kawangware, upande wa magharibi na kusini-magharibi mwa Nairobi, imefungamana na jinsi wakazi wake walivyotawaliwa, walivyodai ardhi, walivyopiga kura na walivyosali. Njia ya kwanza hutaja maana: nyeusi ni watu, nyekundu ni damu, kijani ni ardhi, nyeupe ni amani, na hii ndiyo njia anayofundishwa kila mtoto wa shule nchini Kenya. Njia ya pili hutaja mpangilio: rangi ipi iko juu na ipi iko chini, zipi zimegusana na zipi zimetengwa, alama ipi imewekwa katikati na imeelekea upande gani. Ya kwanza hupendwa kwa kuwa ni rahisi kukariri, lakini maana za rangi hubadilika kila siasa inapobadilika, ilhali mpangilio hudumu na mara nyingi huhifadhi kumbukumbu ambayo maelezo rasmi yameiacha nyuma. Anayetaka kuisoma historia hii sharti awe na msamiati wa njia ya pili, na msamiati huo upo katika Kiswahili, ingawa umetawanyika baharini, vitani, kambini na makanisani.

Sehemu yake kubwa ilitoka pwani pamoja na kitu chenyewe. Neno bendera lilipokewa kutoka kwa Wareno, lakini wenyeji wa mwambao waliliingiza katika msamiati wa vyombo vya bahari waliokuwa nao tayari, ndiyo maana bendera hutwekwa kama tanga, husimama kwenye mlingoti, na kamba inayoipandisha huweza kuitwa jarari, jina la kamba ya kupandishia foromali, yaani boriti inayobeba tanga la jahazi, nayo hupita katika kapi, gurudumu dogo lenye mfereji lililofungwa kileleni. Mlingoti ndio unaozipa pande za kitambaa majina yake: upande wa mlingoti ni ule ulioshonewa kamba, na upande wa upepo ni ule unaopeperuka huru, ambao ndio huchanika kwanza. Kitambaa chote, kabla hakijawekwa alama, huweza kuitwa uwanja wa bendera. Sehemu ya rangi moja inayokata uwanja huo kutoka upande mmoja hadi mwingine ni ukanda. Mstari mwembamba unaotenganisha rangi mbili ni utepe. Na robo ya juu iliyo karibu na mlingoti, ambayo katika bendera za makoloni ya Uingereza ilibeba bendera ya mtawala, ni pembe ya heshima. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa misafara waliliita bendera hata jora la pamba nyekundu walilopeleka bara pamoja na vitambaa vya kaniki na marekani, nayo bendera ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa nyekundu tupu, isiyo na ukanda wala alama. Bendera hiyo ya Sultani iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Yesu, Mombasa, hadi mwaka 1963, kwa sababu mwambao wa Kenya, wenye upana wa maili 10, ulibaki kisheria milki yake hata wakati Waingereza walipoutawala.

Bara nako hakukukosa elimu ya alama, ila huko alama zilichorwa juu ya ngozi na mti badala ya kitambaa. Eneo la Dagoretti, ambamo Kawangware ya leo imo, lilikuwa mpakani mwa mashamba ya Wakikuyu na malisho ya Wamaasai, na jamii hizo mbili zilikuwa na desturi ya kuzipaka ngao zao rangi kwa kanuni zilizojulikana. Ngao ya Kimaasai ilitengenezwa kwa ngozi ya nyati, na michoro iliyopakwa juu yake iliitwa sirata, ambayo ilimwezesha mtazamaji kutambua moran, yaani kijana mpiganaji, ni wa sehemu gani ya Wamaasai na wa rika lipi, huku sirata fulani zikihifadhiwa kwa waliokwisha kuthibitisha ushujaa wao. Wakikuyu kwa upande wao walikuwa na ndome, ngao ya mti iliyovaliwa mkononi na vijana wakati wa ngoma za kuelekea jandoni, iliyochongwa na kupakwa michoro iliyotofautiana kwa eneo na kwa mwaka wa tohara. Ikumbukwe kwamba elimu ya ngao za koo huko Ulaya nayo ilianza hivyo hivyo, katika karne ya 12, pale wapiganaji waliofunikwa chuma mwili mzima walipohitaji kutambulikana kwa michoro ya ngao zao, na baadaye michoro hiyo ikarithiwa na watoto, ikawekewa sheria, ikaandikwa katika daftari za wafalme. Tofauti kati ya sirata na ngao ya mtemi wa Ulaya ni kwamba ya kwanza ilitambulisha rika na kundi, na ya pili ilitambulisha ukoo na urithi. Lakini zote mbili zilihitaji watu wanaojua kuzisoma, na katika zote mbili si kila mtu aliruhusiwa kubeba kila alama.

Neno nembo, ambalo leo hutumika kwa alama ya taifa, ya shule au ya kampuni, lina asili iliyo karibu na mwili wa mtu, kwa maana lilitaja chale zilizochanjwa usoni au kifuani ili kuonyesha mtu ni wa kabila gani. Serikali za Afrika Mashariki zilipochagua neno hilo kwa alama zao zilichagua vizuri, kwa sababu linabeba wazo la alama isiyofutika ambayo mtu hutambulikana nayo hata akiwa mbali na kwao.

Bendera ya kwanza ya kigeni kuwekewa ngome katika eneo hili ilikuja na Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki. Mwezi Oktoba 1890 Frederick Lugard, akiwa njiani kuelekea Uganda, alijenga ngome ya kampuni hiyo Dagoretti, baada ya kula kiapo cha udugu wa damu na Waiyaki wa Hinga, kiongozi wa Wakikuyu wa sehemu hizo. Alama ya kampuni, inayoonekana katika stempu zake za mwaka 1890, ilikuwa jua lenye miale likiwa na taji juu yake, pamoja na maneno ya Kiingereza yenye maana ya nuru na uhuru. Kwa lugha ya ngao, jua hilo ni alama, yaani kitu chochote kinachowekwa juu ya uwanja, taji ni dalili ya mamlaka yaliyotolewa na mfalme, na maneno ni wito, sentensi fupi ya kutangaza nia ya mwenye alama. Wito huo haukudumu Dagoretti, kwa kuwa askari na wapagazi wa kampuni walichukua chakula na mifugo ya wenyeji bila ridhaa, udugu ukavunjika, ngome ikateketezwa mwaka 1891, na Waiyaki mwenyewe akakamatwa na kufa Kibwezi mwaka 1892 akiwa njiani kupelekwa uhamishoni.

Baada ya kampuni likaja dola, na pamoja na dola akaja simba. Bendera ya Koloni la Kenya ilikuwa ya buluu, yenye bendera ya Uingereza katika pembe ya heshima na simba mwekundu upande wa upepo, na namna simba huyo alivyosimama ina jina lake maalumu katika elimu ya ngao. Simba anayetembea kwa miguu mitatu huku ameinua mmoja wa mbele huitwa simba apitaye. Aliyesimama kwa miguu ya nyuma, makucha ya mbele yakiwa hewani tayari kwa mapambano, huitwa simba aliyeinuka. Na katika hali zote mbili, kama amegeuza uso kumtazama anayemtazama badala ya kutazama mbele yake, husemwa kuwa amekabili. Simba wa Kenya ya kikoloni alikuwa simba aliyeinuka na kukabili. Wale watatu wa ngao ya Uingereza ni simba wapitao waliokabili, kwa hiyo mkao peke yake ulitosha kuwatofautisha na yule wa koloni.

Historia ya Kibera haiwezi kutenganishwa na bendera hizo, kwa sababu mtaa wenyewe ulizaliwa kutokana na utumishi chini yake. Wanubi, waliouita msitu uliokuwa hapo Kibra, yaani pori, walikuwa wazao wa askari wa Sudan waliotumikia kwanza serikali ya Misri katika jimbo la Ikweta chini ya Emin Pasha, ambapo bendera ilikuwa nyekundu yenye mwezi mchanga mweupe, kabla ya Lugard kuwachukua mwaka 1891 kwenda Uganda kwa utumishi wa kampuni. Hatimaye waliingizwa katika jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902 na ambalo Waswahili waliliita Keya, na kuanzia mwaka 1904 askari waliostaafu pamoja na jamaa zao walipewa nafasi ya kukaa Kibera, katika ardhi ya kijeshi ambayo mwaka 1918 ilitangazwa rasmi kuwa na ekari 4,197. Majina ya vijiji bado yanabeba kumbukumbu ya kambi: Laini Saba huelezwa na wakazi kuwa ilitokana na mistari ya uwanja wa kulengea shabaha, na Mashimoni na mashimo ya uwanja huo huo.

Jeshini bendera ilikuwa na elimu yake. Kikosi cha Kiingereza kilikuwa na bendera mbili za hariri zilizobebwa na maofisa na kulindwa kwa bunduki, moja ya mfalme na nyingine ya kikosi, na juu ya bendera za vikosi yalidariziwa majina ya vita vilivyopiganwa kwa heshima, hivi kwamba anayejua kusoma aliweza kupata humo mukhtasari wa historia ya kikosi bila kufungua kitabu. Kwa askari mwenyewe bendera ilikuwa ahadi: aliapa mbele yake, na mamlaka iliyoipandisha ilimpa mahali pa kuishi. Kinachostahili kusemwa wazi ni kwamba ahadi hiyo ilitekelezwa na upande mmoja kwa zaidi ya karne. Wazao wa askari hao walihesabiwa na wakoloni kuwa wapangaji wa serikali wasio na hati, na baada ya uhuru wengi wao walihangaishwa walipoomba kitambulisho cha uraia, hadi Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ilipoamua mnamo Machi 2011 kwamba Kenya ilikuwa imevunja haki za watoto wa Kinubi, na hadi Juni 2017 jamii hiyo ilipokabidhiwa hatimiliki ya ekari 288, sehemu ndogo sana ya zile 4,197.

Bendera iliyokuja kuchukua nafasi ya simba ilianza kama bendera ya chama. Tarehe 26 Julai 1952 Jomo Kenyatta, rais wa Kenya African Union, aliuhutubia umati mkubwa mjini Nyeri na kuifafanua bendera ya KAU, na kulingana na taarifa ya polisi walioiandika hotuba hiyo, alieleza kwamba nyeusi ilionyesha kuwa chama ni cha Waafrika, nyekundu ilionyesha kuwa damu ya Mwafrika haina tofauti na damu ya Mzungu, na kijani ilikuwa rutuba ya nchi waliyopewa na Mungu. Kisha akafanya jambo ambalo wafafanuzi wa rangi hulisahau: aliusoma mpangilio. Aliwaonyesha wasikilizaji kwamba kijani iko chini ya nyekundu, na akaifanya nafasi hiyo kuwa hoja, kwamba ardhi imekandamizwa. Aliitaja pia ngao na silaha zilizokuwa juu ya bendera kuwa ukumbusho wa mababu walioilinda nchi kwa zana hizo. Miezi mitatu baadaye, tarehe 20 Oktoba, hali ya hatari ilitangazwa, na Juni 1953 KAU ikapigwa marufuku.

Rangi zile zile kwa mpangilio ule ule zilirithiwa na chama cha KANU mwaka 1960, na kutoka KANU zikaingia katika bendera ya taifa iliyopandishwa usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 katika uwanja ambao leo huitwa Uhuru Gardens, kando ya Barabara ya Lang'ata, ng'ambo tu ya Bwawa la Nairobi kutoka Kibera. Usiku huo huo vikosi vya Keya, cha tatu, cha tano na cha kumi na moja, viligeuka kuwa Kenya Rifles. Bendera ya taifa ina uwiano wa 2 kwa 3, yaani kimo cha mlingotini ni theluthi mbili za urefu wake, na ina kanda tatu za mlalo zenye upana sawa, nyeusi juu, nyekundu katikati, kijani chini, zilizotenganishwa kwa tepe mbili nyeupe ambazo kila mmoja upana wake ni sehemu ya sita ya ukanda, na katikati ya uwanja imewekwa ngao ya Kimaasai iliyosimama juu ya mikuki miwili iliyopishana.

Tepe hizo nyeupe zinastahili kuangaliwa kwa makini kuliko zinavyoangaliwa kwa kawaida. Maelezo ya kisiasa husema kwamba nyeupe ni amani na umoja, na wengine huihusisha na kujumuishwa kwa KADU, chama kilichoundwa mwaka 1960 huko Ngong, mwisho wa barabara ile ile inayopita kati ya Kibera na Kawangware. Lakini ziko pia kanuni za ufundi zinazoelekea huko huko. Elimu ya ngao ya Ulaya hugawa rangi katika makundi mawili: njano na nyeupe, zinazohesabiwa kuwa dhahabu na fedha, huitwa madini, na nyingine zote, yaani nyeusi, nyekundu, kijani, buluu na zambarau, ndizo rangi hasa; na kanuni yake kongwe ni kwamba rangi isilale juu ya rangi wala madini juu ya madini, kwa sababu alama iliyovunja kanuni hiyo haitambulikani kwa mbali. Nyeusi iliyogusana na nyekundu, na nyekundu iliyogusana na kijani, huchanganyika machoni jioni inapoingia. Utepe mweupe katikati yao huzitenga na kuzifanya zisomeke kutoka ng'ambo ya bonde. Na hapa ndipo thamani ya kueleza mpangilio inapodhihirika zaidi. Nyekundu iliyokuwa usawa wa damu mwaka 1952 imekuwa damu iliyomwagwa kupigania uhuru katika vitabu vya shule. Maana imehama, lakini kijani bado iko chini ya nyekundu, mahali pale pale ambapo Kenyatta aliinyooshea kidole, na mkazi wa Kibera au wa Kawangware anayeishi katika ardhi isiyo na hati anaweza kuisoma nafasi hiyo hata leo kama ilivyosomwa Nyeri.

Nembo ya taifa, iliyotolewa mwaka huo huo wa 1963, ndiyo mahali ambapo msamiati wote huu unaweza kupimwa, kwa kuwa ilitungwa kwa kufuata kanuni za Kiingereza na haielezeki ipasavyo kwa maana peke yake. Jambo la kwanza la kujua ni kulia na kushoto: katika elimu ya ngao pande hizo huhesabiwa kwa mwili wa mwenye kubeba ngao, aliyesimama nyuma yake, wala si kwa jicho la anayeitazama, kwa hiyo kulia kwa ngao ni kushoto kwa mtazamaji. Baada ya hapo nembo huweza kuelezwa hivi: ngao iliyogawanywa mlalo, nyeusi juu na kijani chini, yenye ukanda mwekundu katikati uliopakana na tepe nyeupe, na juu ya ukanda huo jogoo mweupe aliyeshika shoka jeupe kwa ukucha wa kulia. Wanyama wanaoishika ngao pande zote mbili, ambao huitwa wahimili, ni simba wa dhahabu, na kila mmoja ameshika mkuki kwa mguu wa mbele ulio upande wa ndani, mipini ya mikuki hiyo ikiwa myekundu na ikipishana nyuma ya ngao. Wahimili wanasimama juu ya kitako, yaani ardhi iliyochorwa chini ya ngao, ambayo hapa ni Mlima Kenya pamoja na mazao ya kahawa, pareto, katani, chai, mahindi na mananasi, na chini kabisa kuna utepe wenye wito wa neno moja, Harambee. Simba wa koloni hakuondolewa kabisa, basi. Aliondolewa uwanjani, akapakwa dhahabu, akapewa mwenzake na kazi ya kushika ngao ya wengine.

Jogoo ana historia yenye ubishi zaidi. Alikuwa alama ya KANU, na kuwekwa kwake katikati ya ngao kulifanya alama ya chama kimoja iwe moyo wa nembo ya nchi nzima, ingawa maelezo rasmi humtaja kuwa dalili ya mapambazuko ya maisha mapya. Ubishi huo ulikuwa na uzito wa pekee katika Kibera, iliyokuwa sehemu ya eneo la bunge la Lang'ata na ambayo tangu uchaguzi wa vyama vingi wa mwaka 1992 ilimchagua Raila Odinga akiwa upande wa upinzani. KANU iliondolewa madarakani mwaka 2002, lakini jogoo alibaki katika nembo, katika sarafu za wakati huo na katika vichwa vya barua za ofisi za machifu, kwa kuwa alama ikishaingia katika ngao ya taifa huacha kuwa ya aliyeileta.

Alama za vyama zilikuwa, na bado ni, elimu ya ngao ya mtu wa kawaida. Sheria hutaka kila chama kiwe na alama na rangi zisizofanana na za kingine, na karatasi ya kura huonyesha alama hiyo ili mpiga kura asiyejua kusoma asikosee. Hivyo trekta la NDP lililoitwa Tinga, taa ya DP na simba wa FORD-Kenya vilifahamika katika vibanda vya Laini Saba ya Kibera na Gatina ya Kawangware kabla ya sera za vyama hivyo kufahamika. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa tarehe 21 Novemba 2005, katika kura ya maoni juu ya rasimu ya katiba, pale tume ya uchaguzi ilipowapa waliounga mkono ndizi na waliopinga chungwa. Chungwa lilishinda, likawa jina la chama, likawa rangi, na kwa miaka iliyofuata fulana, kofia na bendera za rangi hiyo zilitawala uwanja wa Kamukunji huko Kibera. Alama iliyotolewa na tume kwa urahisi wa siku moja ikageuka utambulisho wa watu kwa miaka mingi. Kisha, tarehe 4 Agosti 2010, nchi iliporudi katika kura ya maoni, tume ilichagua rangi badala ya matunda: kijani kwa ndiyo na nyekundu kwa la, rangi mbili zile zile zinazofuatana katika bendera, safari hii zikiwa na maana ambayo wala Kenyatta wala walimu wa shule hawakuwa wameifikiria. Katiba iliyopitishwa kwa kijani hicho ndiyo inayotaja alama za taifa katika ibara yake ya 9 na kuzichora katika jedwali lake la pili.

Matumizi ya kila siku ya bendera yana maneno yake pia. Shuleni hupandishwa katika gwaride la Jumatatu na Ijumaa, mara nyingi na maskauti. Katika ofisi za serikali na vituo vya polisi hupandishwa asubuhi na kushushwa jioni, na desturi ilikuwa kila apitaye asimame kimya hadi filimbi ya pili isikike. Kushushwa nusu mlingoti ni dalili ya msiba, na kwa utaratibu kamili bendera hupandishwa kwanza hadi kileleni ndipo ishushwe hadi mahali pake, kwani heshima ya bendera hutangulia huzuni. Ndivyo ilivyoamriwa kwa siku saba Odinga alipofariki tarehe 15 Oktoba 2025. Sheria ya Bendera, Nembo na Majina ya Taifa, Sura ya 99, huzuia matumizi mengine, hasa kupeperusha bendera kwenye gari isipokuwa kwa maofisa wachache wa ngazi za juu. Hata hivyo rangi zake zimeenea katika bangili za shanga zinazouzwa kando ya barabara, na mnamo Juni 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, vijana wa Nairobi waliifunga bendera mabegani mwao, wakaifanya kuwa vazi la mwananchi anayedai haki kwa serikali iliyozoea kuihesabu kuwa mali yake.

Linalosahaulika katika maandishi mengi ni bendera za makanisa, na ni pengo kubwa, kwa kuwa bendera zinazoonekana mara nyingi zaidi katika vichochoro vya Kawangware na Kibera siku za ibada si za taifa wala za vyama. Wahamiaji kutoka magharibi mwa Kenya walikuja na makanisa ya Kiafrika yaliyojitenga na misheni, miongoni mwayo African Israel Church Nineveh, lililoanzishwa na Daudi Zakayo Kivuli mwaka 1942, na makanisa mbalimbali ya Roho, ambayo desturi yao ni kuandamana kwa miguu wakiimba, wakipiga ngoma, wakiwa wamevaa kanzu na vilemba, huku mshika bendera akiwa mbele. Legio Maria, lililojitenga na Kanisa Katoliki miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto, nalo lina mavazi yake yenye rangi zilizopangwa kwa vyeo na kwa maono. Uwanja wa bendera hizi kwa kawaida ni wa rangi moja au mbili, alama yake kuu ni msalaba, na mara nyingi herufi za kwanza za jina la kanisa hushonewa kwa kitambaa cha rangi nyingine.

Zikisomwa kwa mpangilio, bendera hizo hufanya kazi ambayo elimu ya ngao ya Ulaya iliipa jina la utofautishaji, yaani kanuni kwamba mwana aliyeanzisha nyumba yake alibaki na ngao ya baba lakini akaongeza au kubadili alama moja ndogo ili asichanganywe naye. Makanisa ya Roho yenye asili moja hushirikiana katika kanzu nyeupe na msalaba mwekundu, na hutofautiana katika ukingo wa kilemba, mshipi, umbo la msalaba au herufi za kifuani, kiasi kwamba muumini akiona msafara kutoka mbali hujua kama ni wa kwao au wa ndugu waliotengana nao. Bendera hizo hazikupitishwa na tume wala hazimo katika jedwali la sheria. Hushonwa na mafundi cherehani wa mitaani kwa maelekezo ya mdomo ya wazee wa kanisa, ambao humtajia fundi rangi ya uwanja, rangi ya msalaba, upande utakaoingia mlingotini na mahali pa herufi, kwa utaratibu ule ule wa kueleza mpangilio.